Nilimkata Owor, Nikabakiza Daraja

Nabwire mwanangu,

Usicheke. Najua utacheka ukiiona karatasi, utauliza kwa nini mama mwenye simu, mwenye wafuasi wengi kuliko diwani, anakuandikia kwa kalamu kama mtu anayeomba nafasi ya shule. Nimejaribu kwenye simu. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta, na kila nikifika mahali penye maana naambiwa nafasi imekwisha. Kwa hiyo nimefunga kibanda mapema, nimewaambia madereva wakanywe chai kwa jirani, na nimekaa kwenye meza ninayokandia unga. Ukiona doa hapa pembeni, hayo ni mafuta ya chapati.

Wewe uko kwa Nafula unasukwa nywele za safari. Nafula akishika kichwa cha mtu haachii mpaka amalize umbeya wa Busia zote mbili, wa huku na wa Kenya, kwa hiyo nina muda.

Mambo ya kufunga mlango, ya kula ukashiba, ya kutomkabidhi mtu begi lako pale stendi ya Kampala, shangazi zako wameyasema tangu juzi na kesho asubuhi watayasema tena. Mimi nayaacha. Nataka kujibu swali lako la mchana, lile nililolikimbia.

Ulirudi kutoka Masaba kumuaga nyanya yako Kukhu, macho mekundu. Ulisimama mlangoni hata viatu hujavua, ukaniambia, "Mama, nimemwambia Kukhu yote. Kwamba mimi ndiye nilisema ule ujumbe ni mrefu. Akasema 'ee'. Hiyo 'ee' yake maana yake nini?"

Nikasema maziwa yananichemkia, nikatoka. Hakukuwa na maziwa jikoni. Niliporudi umefungua begi, umetoa nguo ulizokunja jana, umezirundika kitandani, na unasema labda kazi yenyewe ya Kampala uiache. Hizo jumbe fupi za mvua na barabara wataziandika wengine. Kisha ukaenda kusukwa nywele, na mimi nikabaki sielewi: mtu anayesema haendi anasukwa nywele za safari za nini? Sikukuuliza. Siku hizi naogopa kukuuliza mambo.

Basi acha nianze mwanzo. Habari unaijua, lakini unaijua kwa upande wako tu.

Kibanda changu kimekulisha na kukusomesha mpaka ukamaliza chuo pale Tororo, lakini ukiniuliza nauza nini nitakwambia chai ni kisingizio. Madereva wangeweza kunywa chai popote. Wanakuja kwangu kwa sababu gari zote zinalala kwenye yadi ile ya ushuru, na anayetoka Kampala huwa anapiga simu akiwa njia panda ya Namutere: "Mama Nabwire, Busia kukoje?" Nikimwambia foleni ni ndefu, anaendelea Tororo akavukie Malaba. Nikimwambia kumetulia, anakata kuja kwetu. Mtu na lori lake zima wanageukia nilikosema mimi, muuza chapati. Nakiri nilipenda hilo. Baba yako akiwa barabarani nyumba inakuwa kimya, na simu ile ilinifanya nijione mtu.

Ulikuwa mdogo nilipompotosha mmoja. Kijana alipita mbio akisema ushuru wamefunga, mtambo umekufa, hakuna gari inayopita leo. Dereva akapiga, nikamwambia hivyo hivyo. Akaenda Malaba, akalala kwenye foleni, na kumbe huku kwetu gari zilikuwa zinapita vizuri. Msimu mzima alikuwa akipita mbele ya kibanda changu anakwenda kunywa chai kwa mwingine, ananisalimia kwa honi tu. Tangu hapo nikaweka sheria yangu. Mtu akileta habari, kabla sijammiminia chai namuuliza: umeona au umeambiwa? Akisema ameambiwa, namuuliza na nani. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniiga na wenzako mkicheza, umejifunga leso yangu, unamuuliza mwanasesere: umeona au umeambiwa?

Na kila mtu pale benchi alijua kumpima mwenzake. Chukua Owor, yule wa lori la kanta anayeleta saruji kutoka Tororo. Owor ni mtu mzuri, lakini kila kitu kwake kimeungwa nazi. Owor akisema foleni imefika Namutere, tunajua imefika Sofia tu, hapa karibu. Akisema amenyeshewa mvua ya kung'oa mabati, tunaangalia shati lake, kavu. Hatumwiti mwongo. Tunapunguza tu, kila mtu kimoyomoyo, tunaendelea kunywa chai.

Kisha wewe ukanifungulia ule ukurasa wa kwenye simu. Uliniambia, mama, kwa nini unajibu simu moja moja, andika mara moja wote wasome. Ulinifundisha kwa subira nyingi na mimi nilikuwa mgumu kama muhogo wa kiangazi. Namba ile inayoshuka chini kadiri unavyoandika ilinitia hofu, nilidhani ni pesa inakatwa. Lakini nilipoelewa, nilielewa kweli. Siku ile mtoto wa muuza nyanya alipotea sokoni, si uliweka picha yake, na kabla mama yake hajamaliza kulia tukaambiwa yuko upande wa Kenya, amevuka kwa njia ya panya akifuata mbuzi, anakula ndizi kwa askari? Mimi nilisema siku ile kwamba aliyetengeneza kitu hiki Mungu ambariki. Nasema mpaka leo. Halafu nikishasema, nakumbuka asubuhi ya Masaba.

Mvua za mwaka jana. Owor alifika alfajiri, matope mpaka kwenye vioo, safari hii shati limelowa kweli. Akasema, "Mama Nabwire, ile daraja ya Masaba imekwenda. Imekwenda yote. Hata mahali ilikuwa huwezi jua." Nikamuuliza kama ameona. Akasema ameona kwa macho yake mawili, ndipo akageuza akazunguka. Sasa hapo ndipo pagumu. Ameona, ndiyo, lakini ameona Owor.

Niliandika hivi, nalikumbuka neno kwa neno: Owor wa saruji anasema amefika Masaba alfajiri, maji yamejaa, anasema daraja limekwenda, mimi sijaona, aliyeko huko atuambie. Nikakusomea. Ulikuwa unapiga pasi, unataka kuwahi gari la Tororo. Hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Mama, ndefu hiyo. Punguza."

Nikapunguza. Nilibakiza hivi: Daraja la Masaba limekwenda. Msipite.

Ikasafiri kama moto wa nyasi. Sijawahi kuandika kitu kikasambazwa namna ile. Simu ilikuwa inatetemeka mezani mpaka ikasogea yenyewe karibu na sufuria, na mimi, mwanangu, nilifurahi. Nilimmiminia Owor chai ya bure.

Jua lilipochomoza vizuri ndipo jirani wa Kukhu alipopiga. Kukhu ameanguka kando ya ghala, mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki. Nikauliza nitafikaje na daraja hakuna. Yule mama akashangaa, akasema daraja lipo, maji yalipanda juu usiku lakini yameshuka, watoto wamevuka kwenda shule. Nikakimbia kwa Egesa mwenye taksi. Alikuwa ameegemea gari lake, anasoma simu. Nikamwambia mama mkwe wangu anakufa, twende Masaba, daraja lipo, wameniambia walioko pale pale.

Akanitazama kwa huruma, unamjua Egesa si mtu mbaya. Akasema, "Mama Nabwire, simu inasema daraja hakuna. Na ni wewe mwenyewe uliandika. Sasa mimi naamini simu ama naamini wewe?"

Nikasema niamini mimi. Akasema huzuni imenichanganya, kwamba nikiandika nilikuwa na akili timamu na sasa sina. Nikaenda stejini kwa watu wa boda, wote simu mkononi, wote wananionyesha maneno yangu. Ilibidi nikubali Egesa azunguke na njia ndefu ya Lumino. Barabara ile mvua zikinyesha unaijua. Tulikwama, tukasukuma, tukakwama tena. Tulipofika kwa Kukhu alikuwa ameacha kujaribu kusema. Kurudi tulipita juu ya daraja lenyewe. Lilikuwa na matope na mabua yamenasa ukingoni, lakini lilikuwa limesimama. Egesa alipunguza mwendo, akalitazama.

Daktari nilimuuliza kama tungewahi ingekuwaje. Akasema labda angekuwa na nafuu zaidi, labda ingekuwa vile vile. Nilikasirika. Nilitaka anishtaki au aniachilie, lakini yeye alinipa labda mbili akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Na Kukhu yule, ambaye ukimuuliza njia ya kwenda kisimani alikuwa anaanzia harusi ya nyanya yake, sasa ana neno moja. Ee.

Jioni ile niliandika: Daraja lipo, nilikosea. Wewe ulisambaza, na Nafula, na mtu mwingine nisiyemjua. Basi. Yale ya kwanza yanatembea mpaka leo. Mvua za mwaka huu zilipoanza kuna mtu alinitumia mimi mwenyewe, kwa wema kabisa: mama, angalia, daraja la Masaba limekwenda, usipite.

Tangu siku hiyo mimi na wewe hatujaisema asubuhi ile. Uliacha kunisahihisha nikiandika. Nikikusomea unasema "sawa mama" kabla sijafika mwisho. Nilidhani umechoka na mambo ya kizee. Sikujua kumbe unabeba neno "punguza" kifuani mpaka ukaenda kulimwagia Kukhu leo. Nimeumia sana kulijua hilo, na nimejionea aibu kwamba sikuliona, mimi ninayejidai kuuliza kila mtu ameona nini.

Sikiliza basi. Ulisema ni ndefu, na kweli ilikuwa ndefu. Hukusema nitoe nini. Maneno yalikuwa mengi pale na kidole kilikuwa changu. Ningeweza kutoa "maji yamejaa". Ningeweza kutoa "alfajiri". Nilimkata Owor, nikabakiza daraja, kwa sababu daraja bila Owor lilisikika kama neno la mtu mkubwa. Pale benchi watu wangesikia ni Owor, wangepunguza wenyewe, mtu angesema ngoja kwanza tumpigie fulani wa Masaba. Kwenye simu Owor hakuwepo wa kupunguzwa. Nilikuwepo mimi, na mimi watu walinizoea kuwa sikosei.

Mpaka hapo unaweza kufikiri nimeelewa somo langu. Sijaelewa. Kuna kuku.

Yule kuku mwekundu uliyeniuliza Krismasi kwa nini hachinjwi, nikakwambia anataga, hakununuliwa. Alimleta Mama Awori anayeuza samaki. Alikuja wiki ile ile ya Kukhu, akapiga magoti hapo kibandani mbele ya madereva, nikadhani anaomba kitu. Alikuwa anashukuru. Mwanawe alikuwa njiani na pikipiki na samaki, giza bado halijaisha, anakaribia daraja la Masaba. Simu ikalia mfukoni, akasimama kusoma, akageuza. Wakati ule maji yalikuwa juu ya daraja, yanapita kwa nguvu, na yeye angeingia tu kwa sababu njia ile anaijua kwa kufumba macho. Mama Awori akaniambia mimi ndiye nimemrudishia mtoto. Nikampokea kuku.

Tangu hapo nimekuwa nikilizungusha jambo hili kichwani huku nikikanda unga, na haliishi. Ningeandika "Owor anasema", Egesa angekuja nami moja kwa moja, na pengine leo Kukhu angekuwa anatuchosha na hadithi zake. Lakini mtoto wa Mama Awori naye anamjua Owor. Angecheka, angesema huyo tena, angerudisha simu mfukoni na kuingia majini. Ujumbe ni ule ule mmoja. Nikitaka kuulaani, kuku anapita mlangoni. Nikitaka kuusifu, naona mkono wa Kukhu umelala juu ya blanketi. Kuna siku nakwambia simu ni baraka na jioni nakwambia uitupe, nawe unaona mama amezeeka. Sijazeeka, nimechanganyikiwa, na nimekuwa nikikuficha kwa kujifanya nina kazi jikoni.

Kwa hiyo swali lako la kazi, uende au usiende, uko Kampala unaandika kwamba mvua kubwa inakuja Tororo, msipande kilimani, na mtu asome aokoke au asome akose kwenda hospitali, hilo sina jibu. Naomba tu usiache kwa ajili yangu wala kwa ajili ya "punguza". Ukiacha, ataandika mtu ambaye hajawahi kukaa kando ya kitanda cha Kukhu. Hata hilo sijui kama ni sababu ya kutosha. Mimi ukurasa wangu nimeuendeleza na sijui kama nafanya vema. Siku hizi naandika foleni tu ninayoiona nikisimama mlangoni, na madereva wananilalamikia kwamba nimekuwa mfupi wa habari.

Sasa ile "ee".

Ningeweza kukuandikia hapa: Kukhu amekusamehe. Maneno mawili, na nafasi ingebaki tele. Nilikuwa na hamu ya kukuambia hivyo mchana ule, ilikuwa kwenye ulimi kabisa, ndiyo maana nikakimbilia maziwa yasiyokuwepo. Ungefurahi, ungerudisha nguo zako begini. Lakini mimi sikuwepo, Nabwire. Nina mwaka mzima nakaa na ile "ee" yake, namlisha nayo, namwogesha nayo. Ipo "ee" ya kutaka maji na ipo ya kunifukuza. Ipo ambayo anaisema akikumbuka kitu cha kuchekesha, na bega lake la kushoto linatikisika. Nazijua kwa kumtazama. Ukiniletea neno lenyewe peke yake mlangoni, bila uso wake, siwezi kulisoma, na nikilisoma nitakuwa nimemkata Kukhu kama nilivyomkata Owor.

Alikushika mkono? Kwa mkono wa kushoto, ule mzima? Alikutazama wewe au alitazama mlango? Hukuniambia, na mimi sikukuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Si unaona mama yako alivyo.

Basi nimefanya hivi. Nguo zako nimezikunja nimezirudisha kwenye begi, lakini sijalifunga, kulifunga ni juu yako. Kwenye mfuko wa pembeni kuna mayai ya kuchemsha, ni ya kuku yule, na mengi uliyokula nyumbani mwaka huu yalikuwa yake, usije ukasema sikukuambia. Basi la Kampala haliondoki alfajiri, nimeuliza pale pale stendi. Nimempigia Egesa, atakuja jua likichomoza. Tutakwenda kwa Kukhu sote wawili, utakaa pale ulipokaa leo, utamwambia tena ulichomwambia, na safari hii nitakuwepo namtazama.

Egesa aliniuliza kama tunazunguka na Lumino. Nilipomaliza na wewe mchana, wakati unadhani nimekwenda sokoni, nilipanda boda mpaka Masaba. Sikufika kwa Kukhu, nilifika darajani tu, nikashuka, nikatembea juu yake mpaka ng'ambo nikarudi. Nikamwambia Egesa tunapita njia fupi. Daraja lipo, nimeona mimi mwenyewe.

Mama yako